Wakubwa Wanapouziana Hisa, Bei Hutikiswa na Nani?

Jioni moja tulikuwa tumeketi barazani Tandika, katika Wilaya ya Temeke, tukingoja kahawa na kashata baada ya sala ya magharibi. Aghalabu mazungumzo ya baraza lile huwa ni ya mpira, ya maji na ya nauli za daladala. Walakini jioni hiyo mzee mmoja mstaafu, mzaliwa wa Wete aliyevuka bahari kuja Dar es Salaam tangu ujana wake, alilikunjua gazeti juu ya magoti yake na kuweka kidole kwenye jedwali la bei za hisa.

"Mwanangu," alituambia, "wewe ni mtu wa chama na shule umekwenda. Nieleze jambo hili. Juma lililopita wameandika kwamba mataasisi makubwa yameuziana hisa za benki yangu kwa mamilioni, na bei haikusogea hata senti moja. Juzi zimeuzwa hisa kidogo, kiasi ambacho hata sisi wa baraza hili tungechanga tungezinunua, na bei imeruka. Basi bei hiyo anaipanga nani?"

Jibu tulilompa lilikuwa la haraka na halikumtosha. Wala sisi wenyewe halikuturidhisha. Mzee hakuwa akiuliza kwa kupenda elimu tu. Sehemu ya kiinua mgongo chake ameiweka katika hisa, na nyumba yake ya Mbagala Kuu bado haina paa. Jirani mmoja alikuwa amemshauri auze upesi kwa kuwa wakubwa wanauza. Jirani wa pili alimshauri aongeze kwa kuwa wakubwa wananunua. Na ajabu ni kwamba majirani hao wote wawili walikuwa wakizungumzia siku ile ile moja na mauzo yale yale.

Hapo ndipo penye fundo, na tunaona yafaa tulifungue hadharani, kwa faida ya ndugu zetu wa Unguja na Pemba ambao nao sasa wanazo hisa, na kwa faida ya maofisa wa Serikali ambao, tuseme kweli, wengi wao hawalijui jambo hili zaidi ya mzee wetu.

Kutolijua si aibu, kwani kuna sababu zake za kihistoria. Sisi tumelelewa katika nchi ambayo bei ilikuwa ikitangazwa. Huku Bara Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, na mwananchi alizoea kusikia redioni bei ya unga, ya sabuni na ya saruji. Visiwani, mkulima wa karafuu bado hulipeleka zao lake kwenye Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo huinunua kwa bei iliyokwisha kutangazwa. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo, anapoiona bei ya hisa imepanda, kwa kawaida huuliza ofisi gani imeipandisha. Fauka ya hayo, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, hata likaja Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 kulegeza masharti hayo. Kizazi kizima cha watumishi wa umma, kwa hiyo, kilipita maisha ya kazi bila kuigusa hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofungua milango Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu, ile ya gesi ya TOL, walimu wa kutufundisha somo hilo walikuwa haba.

Basi asubuhi yake tuliondoka Temeke tukaenda Kinondoni, kwenye soko la nafaka la Tandale, kwa kuwa tulihisi kwamba pale jibu linaonekana kwa macho bila ya hesabu nyingi.

Anayefika Tandale alfajiri huona magari ya mchele na mahindi yakishushwa. Tuseme mfanyabiashara wa jumla ana magunia mia tatu ghalani, na mwenzake wa jumla anayataka yote. Hawapigi kelele. Huingia ndani, wakapatana kwa bei ya jana au pungufu kidogo, wakaandikiana, na mzigo ukabadili mwenyewe pale pale ulipo. Magunia mia tatu yameuzwa, na akina mama wanaopima mchele kwa kilo huko mbele ya soko hawana habari. Bei yao haikubadilika, kwa sababu mbele yao hakikuongezeka hata kilo moja wala hakikupungua. Lakini ikifika alasiri ya siku za mwisho za Shaabani, mbele ya soko yakiwa yamebaki magunia matano na wanunuzi kumi wanaokwenda nyumbani kujitayarisha kwa mfungo, bei hupanda papo hapo, ijapokuwa kinachouzwa ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha ghalani.

Hivi ndivyo ilivyo na hisa. Bei haipimwi kwa wingi wa mali iliyopita. Bei ni ile waliyokubaliana mnunuzi wa mwisho na muuzaji wa mwisho, na huenda upande ule ambao watu wake wana haraka zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Katika foleni ya kampuni fulani, wenye kununua wapo tayari kutoa shilingi 480 kwa hisa moja. Wenye kuuza ni watatu: wa kwanza anazo hisa 1,000 na anataka 485; wa pili anazo 1,500 na anataka 490; wa tatu anazo 2,500 na hatoki chini ya 500. Mfuko mkubwa wa pensheni unanunua hisa milioni moja kutoka kwa mfuko wa nje, kwa 482, baada ya madalali wao kupatana kando. Ile foleni ya watu watatu haikuguswa. Baadaye anakuja mfanyabiashara wa Mwananyamala anayetaka hisa 5,000 leo hii, kwa bei yoyote. Anamaliza za kwanza kwa 485, anamaliza za pili kwa 490, na zilizobaki anazipata kwa 500. Hisa milioni moja hazikuitikisa bei, hisa elfu tano zimeitikisa. Wala hakuna ofisi yoyote iliyotoa amri.

Katika Soko la Dar es Salaam jambo hili limewekewa utaratibu rasmi. Mauzo ya mafungu makubwa, yale ambayo mnunuzi na muuzaji wamekwisha kupatana kabla, hupitishwa kwenye ubao wake peke yake, mbali na foleni ya kawaida. Shabaha yake ni njema: mtu mmoja mwenye mzigo mkubwa asije akaivuruga bei ya wote kwa siku moja. Ila katika taarifa za magazeti na redio hesabu zote mbili mara nyingi hujumlishwa, na msikilizaji wa Temeke huambiwa kwamba "mauzo yamepanda maradufu", kana kwamba watu wameikimbilia hisa hiyo, kumbe ni mwenye mali mmoja tu aliyemkabidhi mwingine.

Jambo la pili ambalo mzee wetu hakulijua ni kwamba hisa nyingi zilizoandikwa katika daftari la soko haziji sokoni kabisa. Chukueni Benki ya NMB. Kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi lilinunua asilimia 49 mwaka 2005. Serikali ikauza asilimia 21 kwa wananchi mwaka 2008, kwa shilingi 600 kila hisa, ikabakiza asilimia 30. Maana yake ni kwamba, katika hisa milioni 500 za benki hiyo, takriban nne kati ya kila tano zilikuwa mikononi mwa wenye mali ambao hawaamki asubuhi kuuliza bei. Au tazameni kiwanda cha saruji cha Twiga kilichopo Wazo Hill, Kinondoni, ambacho kila mkazi wa Tegeta huyajua malori yake. Hisa zake 69.25 kwa kila mia zimeshikwa na kampuni mama ya nje. Kinachozunguka ni hilo fungu dogo lililobaki, na ndani ya fungu hilo dogo kuna wazee waliovifungia vyeti vyao kabatini na hawana nia ya kuvitoa.

Sasa, bei inayotokana na hizo chache zinazozunguka ndiyo inayotumika kuzithamini zote. Hisa za NMB zikipanda kwa shilingi 10 kwa sababu ya mauzo ya hisa elfu moja tu, zile milioni 500 zote zinahesabiwa kuwa na thamani zaidi kwa shilingi bilioni 5. Hakuna aliyeleta bilioni 5. Kilicholetwa ni fedha za hisa elfu moja. Tunawaomba maofisa wanaoandika hotuba walitafakari hilo kabla ya kutangaza kwamba "utajiri wa soko umeongezeka".

Na uchache huo huo unaweza kuifanya bei iwe kama jiwe. Hisa ya NMB ilisimama kwenye shilingi 2,340 kwa muda mrefu katika miaka ya 2019 na 2020. Ile ya Kampuni ya Bia ilikaa 10,900, na ile ya Kampuni ya Sigara ikakaa 17,000, mwaka ukapita na mwingine ukaja. Watu wakadhani kwamba kampuni hizo zimetulia tuli. La hasha! Watu waliendelea kunywa na kuvuta, faida ikipanda na kushuka kama kawaida. Iliyokuwa haipo ni foleni. Bei isiyosogea si lazima iwe bei ya kweli; huenda ni bei ya mwisho iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kwenda zake.

Je, ina maana kwamba wakubwa hawana nguvu juu ya bei? Hatusemi hivyo. Wakubwa wanapouziana wao kwa wao, huyu akiingia na yule akitoka kwa idadi moja, nguvu zao hufutana, na mwananchi asitafute ishara humo. Lakini wakubwa wote wanapoelekea mlango mmoja kwa wakati mmoja, na upande wa pili hakuna mwenye fedha za kutosha au mwenye hamu ya kutosha, bei huporomoka hata kama mauzo ni mengi kupindukia. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo. Safaricom ilipoingia Soko la Nairobi Juni 2008, hisa moja ikiwa imeuzwa kwa shilingi 5 za Kenya, zaidi ya watu laki nane walikuwa wameomba. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imekwisha kuzama chini ya hiyo shilingi 5, wadogo wengi wakiuza kwa pamoja. Miaka kadhaa baadaye zamu ikawa ya wakubwa. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40. Riba za Marekani zilipoanza kupanda mwaka 2022, wawekezaji wa nje wakawa wanatoka, na mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa ikizungukia 14. Katika muda wote huo mifuko ya Kenya yenyewe ilikuwa ikinunua. Kila hisa aliyoiuza mgeni ilipata mwenyeji wa kuipokea. Lakini mgeni alikuwa na haraka ya kutoka, na mwenyeji hakuwa na haraka ya kuingia, na mwenye haraka ndiye anayelipa gharama.

Hali ilikuwa ni hiyo hiyo kule New York, tarehe 19 Oktoba 1987. Siku hiyo ziliuzwa hisa zaidi ya milioni 600, kiasi ambacho soko lile halikuwahi kukiona, na wengi wa waliokuwa wakiuza walikuwa mifuko na makampuni makubwa yaliyoagizwa na kanuni zao yauze kila bei inaposhuka. Kipimo cha Dow kikaanguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Wingi wa mauzo haukuizuia bei. Wingi huo ulitokana na watu wengi kukubali hasara ili watoke.

Lipo jambo la tatu, na pengine ndilo kubwa kuliko yote: bei yaweza kusogea kabla hata ya kuuzwa kitu. Habari ikitoka, mwenye kuuza kwa 485 huiondoa hisa yake kwenye foleni na kuirudisha kwa 520. Hajauza, lakini bei imekwisha kuhama. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa shilingi 150 mwaka 2009. Faida yake ikadhoofika kwa mikopo isiyolipika, hata mwaka 2017 ikawa karibu bilioni 36 tu, na mwaka 2019 hisa ikaonekana sokoni chini ya shilingi 100. Kisha faida ikapita bilioni 260 mwaka 2021, na bilioni 420 mwaka 2023, na hisa ikapita shilingi 400. Wenye mafungu makubwa katika benki hiyo hawakubadilika sana katika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni kile ambacho mwenye hisa mia mbili wa Magomeni alikuwa tayari kukikubali ili aachane nazo. Kinyume chake, hisa za Vodacom zilizouzwa kwa shilingi 850 mwaka 2017, pamoja na shilingi bilioni 476 zilizokusanywa na mifuko mikubwa kujitokeza kwa nguvu, zilikaa chini ya bei hiyo kwa miaka. Fedha za wakubwa ziliifikisha kampuni sokoni, lakini hazikuweza kuwashawishi walio nyuma yao waishikilie bei hiyo.

Waliokaa kwenye jamvi la chuo na kufika kwenye milango ya biashara katika fiqhi wanalikumbuka neno najshi: mtu kupandisha bei ya mali asiyokusudia kuinunua, ili kumhadaa mwingine. Sheria yetu ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 nayo imelikataza jambo hilo, yaani kufanya mauzo ya uongo ili soko lionekane lina shughuli. Tunalitaja kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi katika soko dogo. Mahali ambapo hisa elfu mbili zatosha kuisogeza bei, mjanja hahitaji mamilioni. Na sasa kwa kuwa mwananchi aweza kununua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, bila kumwona dalali uso kwa uso, ni wajibu wa Mamlaka kutazama foleni ndogo kwa jicho kali lile lile linalotazama mafungu makubwa.

Kuna rai ambayo tumeisikia mara kwa mara katika vikao, nayo twaipinga waziwazi. Bei ya hisa ya kampuni ya umma inaposhuka, husimama mtu akapendekeza kwamba mifuko ya hifadhi ya jamii iingie "kuitegemeza". Mfuko wa PSSSF, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa mifuko minne, ni wa watumishi. NSSF ni wa wafanyakazi wa sekta binafsi. ZSSF ni ya Wazanzibari. Fedha zao ni jasho la mwalimu wa Chake Chake na mpakiaji wa bandarini Malindi. Mfuko ukinunua kwa sababu hisa ina thamani, ni sawa. Ukinunua kwa sababu kiongozi hapendi kuona tarakimu nyekundu, basi utakuwa umewapa wenye haraka mlango wa kutokea kwa bei nzuri, na mzigo utabaki kwa mstaafu. Na bei itashuka tu siku mfuko utakapochoka kununua.

Badala yake tungependa kitu kidogo na chepesi. Taarifa ya soko inayosomwa redioni itaje hesabu mbili mbalimbali: kiasi kilichopita kwenye foleni ya wote, na kiasi kilichopatanwa kando. Iseme pia ni watu wangapi walikuwa wakingoja kununua na wangapi wakingoja kuuza wakati soko linafungwa. Hesabu hizo Soko linazo. Mzee wa Tandika akizisikia, hatahitaji majirani wawili wanaopingana.

Tulirudi Tandika baada ya siku chache tukamweleza hayo, huku tukichora foleni kwa kijiti mchangani. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: kama yeye naye aingie foleni kwa haraka au kwa subira. Tukamwambia hilo linategemea paa. Akahesabu mabati kwa vidole, akaona nusu ya hisa zake zatosha. Alimwagiza dalali auze nusu hiyo kwa bei aliyoitaja yeye mwenyewe, isipungue hata shilingi moja, nusu ya pili ibaki. Siku nane zilipita bila mnunuzi. Kila jioni alilikunjua gazeti, na mara mbili katika siku hizo wakubwa waliuziana mamilioni mbele ya macho yake. Siku ya tisa hisa zake zikachukuliwa kwa bei aliyoitaka, kwa mafungu matatu madogo, na yaelekea walionunua walikuwa watu wa kawaida kama yeye. Mabati yameletwa kutoka Kariakoo juma hili.